Wageni Wanapoaga Tengeru

Msafiri atokaye Arusha mjini kwenda Moshi hufika Tengeru kabla hajamaliza hadithi aliyoianza na jirani yake garini, kwa kuwa mwendo wenyewe ni wa kilomita 13 hivi tu. Na kama siku hiyo ni Jumatano au Jumamosi, ambazo ndizo siku za soko kubwa, macho yake yatashughulishwa na mikungu ya ndizi, magunia ya viazi na akina mama wa Kimeru waliopanga nyanya zao mafungu mafungu, asipate wasaa wa kutambua kwamba nyuma ya soko hilo, kati ya migomba na mibuni ya mteremko wa Mlima Meru, mna vyuo na vituo vya utafiti ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa vikiwapokea watu wa mataifa ya mbali, vikiwapa kazi, nyumba na marafiki, na kisha, muda wa mikataba yao ukiisha, vikiwarudisha kwao.

Orodha ya vituo hivyo si fupi. Iko Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011 na ambayo huwakusanya wasomi kutoka nchi nyingi za bara hili. Kiko kituo cha serikali cha utafiti wa mazao ya bustani, ambacho watu wote hukiita Horti Tengeru. Na kiko Kituo cha Mboga cha Dunia, kilichoanzishwa huko Taiwan mwaka 1971 kwa ajili ya nchi za Asia, kikafungua tawi lake la Afrika hapa Arusha mwaka 1992. Kuna chuo cha mifugo, kuna Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, na mbele kidogo, Usa River, kuna kituo cha mafunzo kilichoanzishwa na watu wa Denmark, ambako wageni wengi walijifunza Kiswahili chao cha kwanza. Katika ushirikiano wa Horti na kituo hicho cha mboga ndimo zilimotoka mbegu za nyanya ziitwazo Tanya na Tengeru 97, zilizoidhinishwa mwaka 1997, na ngogwe ile nyeupe iitwayo Tengeru White. Na kwa njia hiyo jina la mji huu mdogo limeingia katika mashamba ya watu wasiowahi kuukanyaga.

Wageni wa vituo hivyo hawakai daima. Mkataba wa mtafiti kutoka ng'ambo aghalabu ni wa miaka miwili au mitatu, wa mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo ni wa miezi, na wa mfanyakazi wa kujitolea ni baina ya hiyo miwili. Kwa hiyo hapana mwaka upitao Tengeru pasi na mtu kufunga mizigo yake, na hapana mwenyeji aliyedumu kazini ambaye hajapata kumfundisha mgeni namna ya kuamkia wazee, kumzoesha ugali kwa mnavu, kumtegemea katika kazi ngumu, na kisha kumsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Katika mazoea hayo umezaliwa mtindo ambao sasa umekuwa sheria isiyoandikwa: haifai mtu aondoke kwa barua na kupeana mikono ofisini peke yake, sharti itengwe siku, wafanyakazi watoke pamoja kwenda mahali penye hewa na kivuli, wale, watembee, waseme yao, ndipo aende zake kwa amani.

Wako wanaoihesabu siku hiyo kuwa ni anasa ya watu wasiojua thamani ya muda, na wako wanaoipenda kwa ajili ya nyama tu. Mimi nimeitazama kwa taamuli, na naona kwamba makundi yote mawili yameidhulumu. Matembezi ya kuagana, yakifanywa kwa insafu, hutimiza mambo mawili ambayo chumba cha mikutano hakiwezi kuyatimiza: huikabidhi amana ya kazi mikononi mwa wale watakaobaki nayo, na hutakasa nyoyo za watu waliokosana katika kazi kabla bahari haijawatenga.

Maandalizi huanza wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Huundwa kamati ndogo yenye mwenyekiti na mweka hazina, likafunguliwa daftari la michango, na kila mtu akaandikwa kiasi atakachotoa kwa kadiri ya mshahara wake, ingawa siku hizi ahadi hutolewa kwa simu na fedha hutumwa kwa simu hiyo hiyo. Hukodiwa Coaster moja au mbili, huagizwa kreti za soda na bia, hutafutwa mshereheshaji mwenye ulimi mwepesi asiyevuka mipaka ya adabu, na akina mama hukubaliana nani atapika ndizi kwa nyama, nani pilau, na nani loshoro, chakula cha Waarusha na Wameru cha mahindi na maziwa ya mgando, ambacho mgeni huyo anayeondoka huenda alikikataa mwezi wake wa kwanza na sasa anasikitika kwamba hatakipata tena.

Lakini lililo juu ya yote ni mbuzi. Katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro karamu ya heshima haikamiliki pasi na ndafu: mbuzi mzima aliyechunwa, akachomwa taratibu juu ya makaa tangu alfajiri, akaletwa mbele ya watu akiwa amesimama kwa miguu yake minne, amepambwa kwa nyanya na karoti, na mdomoni ametiwa tawi la majani mabichi kana kwamba alikatizwa malishoni. Mgeni wa heshima hupewa kisu, akamkata mbuzi huyo panapo nyama laini, akawalisha wenzake kwa mkono wake mmoja mmoja, nao wakamlisha yeye. Na mtu aliyekwisha kumlisha mwenzake kwa mkono mbele ya halaiki huona haya, baada ya hapo, kuficha jambo moyoni.

Mahali pa kwenda huchaguliwa kwa kutazama mfuko. Wenye uwezo hupanda hadi Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, ambako mtu huweza kutembea kwa miguu akiongozwa na askari wa wanyamapori, na kutazama heroe wa maziwa ya Momella, mahali ambapo Wamarekani walipigia filamu ya Hatari! iliyotoka mwaka 1962. Wengi, hata hivyo, hawaendi mbali hivyo, kwa sababu Mwenyezi Mungu amewawekea Watengeru ziwa lao mlangoni. Ziwa Duluti limo katika shimo la volkano ya kale, limezungukwa na msitu wa hifadhi wenye njia ya miguu, na ingawa si kubwa, lina kila kitu ambacho siku ya mapumziko huhitaji: maji yaliyotulia, mitumbwi ya kukodi, kima warukao katika matawi, kenge waotao jua juu ya magogo yaliyoanguka majini, na, siku isiyo na mawingu, Mlima Meru upande mmoja na Kilimanjaro kwa mbali upande wa pili. Huo wa Meru, wenye urefu uzidio mita 4,500, ulitoa moto wake wa mwisho mwaka 1910, na tangu hapo umewaachia watu wake udongo mweusi ambao ndio mtaji wa kila kituo nilichokitaja.

Nilialikwa huko Jumamosi moja ya msimu wa baridi, wakati ukungu unapokawia kuondoka mlimani hata saa nne, katika kumuaga mtaalamu mmoja wa mbegu, mwanamke kutoka bara Asia, aliyekuwa amemaliza mkataba wake katika kituo kimoja cha kilimo ambacho si haja kukitaja. Wenzake walimwita Daktari, na yeye aliwaita akina mama mama, vijana kaka na dada, na msimamizi wa mashamba, mtu wa makamo ya juu aliyekuwapo kituoni kabla ya wakubwa wote, alimwamkia "Shikamoo mzee" kila asubuhi kwa taadhima ambayo baadhi ya vijana wetu wenyewe wameisahau. Tulizunguka msitu kwanza. Njia ni nyembamba, hivyo watu hulazimika kwenda wawili wawili, na katika kwenda huko cheo hupotea bila mtu kukivua: mkurugenzi alijikuta ubavuni mwa mlinzi wa zamu ya usiku, mhasibu akamsaidia mpishi kuvuka mzizi, na Daktari akashikana mkono na mama mmoja kibarua ambaye kazi yake ni kukamua na kuosha mbegu.

Baada ya chakula, kabla ya hotuba za wakubwa, Daktari alitoa mfukoni daftari la jalada gumu, lenye madoa ya udongo na maji ya nyanya, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba hilo ndilo shamba lake lote. Humo ameandika kila tuta, kila mbegu ilikotoka, na kila neno aliloambiwa na wenyeji, akiliandika kwa lugha waliyomwambia na kutia jina la msemaji pembeni. Akafungua ukurasa mmoja akasoma. Ulikuwa unahusu mnavu, na maneno yenyewe yalikuwa ya mama yule kibarua: kwamba asichume mbegu katika shina lililotangulia kutoa maua, hata kama ni shina zuri, kwa kuwa mnavu uwahio kuchanua huwahi kuacha kutoa majani, na mama mwenye watoto hapandi mnavu kwa ajili ya maua. Daktari akaeleza kwamba alipokuja alikuwa anachagua mashina kwa urefu na ukubwa wa jani. Baada ya neno hilo alianza kuhesabu pia siku za kuchanua, na safu bora za mnavu atakazoziacha zilichaguliwa kwa kipimo hicho.

"Sasa daftari hili nampa yeye na mzee," akasema, "kwa sababu mimi naenda, na mnavu unabaki."

Mama yule alilipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi, akasema maneno machache: "Ahsante Daktari. Mimi sikusoma, lakini mwanangu atanisomea. Na wewe huko uendako, ukikosa mnavu, tupigie simu tukutumie." Watu wakacheka, na wengine wakafuta machozi katika kicheko hicho hicho.

Ndipo mzee msimamizi akasimama, akasema kwamba kabla ya sala ya kufunga, mwenye neno lake na mgeni alitoe hapo, kwani neno likibaki litaota. Watu wa mwambao huijua sana desturi hiyo. Hapana Mswahili apandaye chombo cha safari ndefu asiyewataka radhi jamaa na majirani, kwa kuwa ajuaye siku ya kurejea ni Mola peke yake. Huku mlimani, ambako wengi ni Walutheri, desturi huvaa vazi jingine lakini mwili ni ule ule. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha dereva mmoja, kijana mpole, akainuka akasema kwamba yeye analo neno. Mwaka uliopita, alipochelewa kuwafikisha wageni shambani siku ya soko kwa kuwa barabara ilizibwa na magari ya ndizi, Daktari alimkaripia mbele ya wageni wale, na hakumpa nafasi ya kujieleza. Tangu siku ile amemtumikia kwa heshima, lakini moyo wake haukuwa mweupe. Niliwaona wakubwa wawili wakitazamana kwa wasiwasi. Daktari hakutazama mtu, aliondoka kwenye kiti chake cha heshima, akapita kati ya watu hata alipo dereva, akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kusema, "Nisamehe kaka. Nilikuwa naogopa wageni, nikakuonea wewe." Kijana akajibu, "Yamekwisha, Daktari," na kwa hakika yalikuwa yamekwisha, kwa maana ndiye aliyeomba mwenyewe kumpeleka uwanja wa ndege siku ya pili yake, ilhali haikuwa zamu yake.

Nimeyaeleza hayo kwa urefu kwa sababu katika nchi hii ya Meru watu wanajua pia jinsi kuondoka kusiko na radhi kunavyokuwa. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao ipewe walowezi wa Kizungu wa kufuga ng'ombe. Nyumba zao zilichomwa, na mali zao zikapotea njiani. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuyaeleza madhila hayo mbele ya Umoja wa Mataifa, akawa Mtanganyika wa kwanza kusema katika baraza hilo. Na ingawa haki haikupatikana siku ile, kilio hicho kiliamsha nchi nzima. Watu waliotolewa makwao bila kuulizwa neno hawasahau, wala watoto wao hawasahau.

Tengeru yenyewe iliwahi kushuhudia kuaga kwa namna nyingine kabisa, kuaga kwa mji mzima. Tangu mwaka 1942 yalikuwapo hapa makazi ya wakimbizi kutoka Poland, wapatao 5,000, ambayo ndiyo yaliyokuwa makubwa kuliko yote ya Wapolandi katika Afrika. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Walikuwa wamekamatwa makwao na Wasovieti mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa kufanya kazi katika baridi ya Siberia na nyika za Asia ya Kati, wakaachiliwa vita vilipogeuka, wakapita Uajemi, na kutoka huko wakaletwa kwa meli hadi mwambao wetu, kisha wakapandishwa bara. Chini ya mlima huu walijengewa vibanda vya mviringo vilivyoezekwa kwa nyasi, wakaanzisha shule, kanisa, hospitali na mashamba, na watoto walioona njaa ya Siberia wakakua kwa ndizi na mapapai ya Tengeru.

Vita vilipokwisha, kwao kulikuwa kumegeuka, na wengi hawakutaka au hawakuweza kurudi. Shirika la Kimataifa la Wakimbizi likawatawanya: wengine Uingereza, wengine Australia, wengine Kanada, na miongoni mwao wakawamo watoto yatima wapatao 150 waliosafirishwa mwaka 1949 kwa meli hadi Italia na kutoka huko hadi Kanada. Waliokwenda walikabidhi amana moja ambayo ipo hata leo, nayo ni makaburi karibu 150 ya jamaa zao, yaliyomo ndani ya eneo la chuo cha mifugo, yakiwa na misalaba na majina ambayo ulimi wa hapa huyatamka kwa taabu. Yamefagiliwa na kutunzwa na wenyeji kwa miongo mingi. Na wazee wa Kipolandi waliokuwa watoto hapa, na baada yao watoto wao, wamekuwa wakifunga safari kuja kuyazuru. Nani angeyafagia, kama kati ya wageni wale na wenyeji wao pangekuwa na kinyongo?

Mfano wa karibu zaidi uko mjini Arusha. Mwezi Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, ikawekwa katika jengo la mikutano la AICC, na kwa miaka 20 na zaidi majaji, mawakili, wakalimani, askari na makarani wa mataifa mengi wakaishi Arusha, wakapanga nyumba za watu wa Arusha, wakawasomesha watoto wao hapa. Ilishitaki watu 93, ikafunga milango yake tarehe 31 Desemba 2015, na kuaga kwake kukawa ni kuaga kwa kaumu nzima ya wafanyakazi. Lakini mahakama hiyo haikuondoka na kila kitu: kumbukumbu zake zimebaki Arusha, chini ya chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi yake, ili mwanafunzi wa sheria wa Afrika asilazimike kuvuka bahari kuyasoma yaliyosemwa juu ya Afrika. Hapo nauona ubora wa jambo lile lile ambalo Daktari alilifanya kwa daftari moja lenye madoa ya nyanya.

Haki hudai tutazame na upande wa pili, kwa kuwa nasi tu wageni katika nchi za watu. Wapo ndugu zetu waliofanya kazi London katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza kutangaza mwaka 1957, na ambao kwa miongo mingi nyumba yao ya kazi ilikuwa Bush House, hadi shirika lilipoihama mwaka 2012. Watu hao waliagwa kwa heshima, na majina yao yalikwisha kujulikana katika kila nyumba yenye redio kuanzia Lamu hadi Bukavu. Wapo madaktari, wauguzi na walimu wetu walioko Ulaya na Marekani. Lakini wapo pia dada zetu waendao Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, na miongoni mwao wamo wanaorudi bila hata neno la ahsante kutoka kwa watu waliowalelea watoto wao. Mtu aliyeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, akaondoka kwa mlango wa nyuma na sanduku lake, amedhulumiwa jambo ambalo halimo katika mshahara. Na sisi tunaolaumu hayo yakifanyika ng'ambo tunapaswa kujiuliza jinsi tunavyowaaga vibarua wetu hapa nyumbani, ambao mikataba yao huisha kila msimu na hakuna awakatiaye mbuzi.

Kwa maana desturi hii nzuri imeanza kuingiwa na kasoro zake. Michango, ambayo asili yake ni hiari, imegeuka kodi katika baadhi ya ofisi, hata mtu mwenye mshahara mdogo akakopa ili asionekane bahili. Mahali pengine waalikwa huchaguliwa kwa vyeo, wenye digrii wakapanda Coaster, na waliopalilia mashamba wakaambiwa kwamba nafasi zimejaa. Mahali pengine tena pombe huja kabla ya maneno, na maneno yakija hayana mtu wa kuyasikiliza. Na siku hizi umeingia uraibu wa picha: kila mmoja anasimama na mgeni, anatabasamu, anapigwa, anaondoka, na jioni simu zimejaa sura za bashasha za watu ambao hawakuambiana kitu. Lakini kasoro iliyo kubwa kuliko zote ni ya mgeni anayeaga kwa karamu ya fahari ilhali matokeo ya utafiti wake ameyatia katika sanduku lake, akayaandika kwa lugha ambayo msimamizi wa mashamba haisomi, na mwaka ujao mgeni mwingine akaja kuanza upya pale pale alipoanzia mwenzake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tengeru imetii usia huo kuliko mahali pengi, kwa maana wageni wake huja hasa kwa ajili ya jembe. Lililobaki ni kuangalia jinsi jembe hilo linavyorudishwa, kwa kuwa mwenye shamba ana haki ya kujua lilipolima na lilipoishia.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vyuo na vituo vya Tengeru, na wa Arusha nzima, watenge fungu dogo katika bajeti zao kwa ajili ya siku ya kuagana, ili michango ibaki hiari ya kweli na asiwepo wa kukopa. Nawaomba wageni wenyewe wasingoje wiki ya mwisho kuyaandika wanayoyaacha. Matembezi na yafanyike wakati mgeni angali na siku chache za kazi mbele yake, ili yatakayosemwa kando ya ziwa yapate nafasi ya kutengenezwa shambani. Orodha ya waalikwa na ianzie kwa vibarua na walinzi. Na daftari la kazi lisomwe kwa Kiswahili, mbele ya wote, kabla mbuzi hajakatwa.